Karatasi ya Njano Kwenye Chombo cha Fedha

Nyumba ya Wageni ya Bata Watatu,
Pest.
19 Novemba, 1846

Mpendwa mdogo wangu Vendel,

Pokea salamu za dada yako. Natumaini zinakukuta mzima, wewe na wifi yangu Glafira na watoto. Kile kikohozi ulichokitaja katika barua ya Pasaka kimekuacha? Kama bado unakohoa, acha kwanza hiyo tumbaku ya Waturuki ndipo uulaumu upepo wa Odessa. Mimi sijambo, isipokuwa magoti, ambayo yamechoka na gari la farasi tangu Septemba. Kaka yako Lénárd naye hajambo. Nimesema kaka yako kwa makusudi, kwa sababu katika barua zote ulizoniandikia hujamwulizia hata mara moja, na jambo hilo nimeliweka moyoni.

Tangu mume wangu afariki nasafiri na Lénárd. Natunza mashati yake, glavu zake na karatasi za programu. Watu wanadhani maisha haya ni maua na makofi tu. Maua yapo, lakini yanakauka ndani ya gari na kunitia chafya. Njia nzima yeye amepakata kile kinanda chake bubu kisicho na nyuzi, vidole vinagonga mbao tu, tok tok tok, kutoka Pozsony mpaka Győr. Ukimwambia apumzike anakwambia anapumzika. Tukifika mjini, kabla hata ya kula, anakwenda kuikagua piano, na kila piano ni mbovu. Ya Székesfehérvár ilikuwa na kiota cha panya ndani.

Programu haibadiliki sana. Anaanza na nyimbo za opera alizozigeuza za piano, halafu mazoezi yake ya vidole ambayo watu wanayashangilia bila kuyapenda. Kisha binti fulani wa mji anaimba nyimbo mbili wakati yeye anabadilisha shati lililolowa jasho. Baadaye linakuja jambo la chombo, na mwisho ni "Kinu cha Maji." Bila "Kinu cha Maji" hawaondoki. Utunzi huo ndio uliompa jina Vienna, na hakuna nyumba yenye piano katika nchi hii ambamo haupigwi, vizuri au vibaya.

Chombo chenyewe ni cha fedha na tunakiweka mlangoni. Anayetaka anaandika tuni fupi kwenye kipande cha karatasi na kuitumbukiza. Lénárd anachomoa vipande vitatu au vinne mbele ya watu na kuvigeuza muziki papo hapo. Wengine wanaleta mzaha. Győr kuna bwana mmoja aliandika kwa nota mlio wa nguruwe wake, na Lénárd akaugeuza muziki wa maandamano ya mazishi, ukumbi mzima ukacheka.

Sasa sikiliza. Kule Pozsony alichomoa karatasi ya njano, kuukuu, iliyokunjwa mara nne. Akaitazama na uso ukambadilika. Akasema, "Hii haisomeki," akaitia mfuko wa ndani wa koti. Győr ikatoka karatasi ya njano. Székesfehérvár pia. Kila mara haisomeki, na kila mara inakwenda mfukoni, si sakafuni kama nyingine. Baada ya hapo "Kinu cha Maji" anakipiga kwa haraka mno, kama mtu anayekimbizwa.

Unanijua mimi na roho yangu. Nilisema kuna mtu anamtisha ndugu yangu, na nilianza na wakala wake, Bwana Haslauer, Mvienna mwenye meno mengi ambaye sijawahi kumwamini hata kwa salamu.

"Karatasi ya njano ni ya nani?" nikamwuliza kwenye kifungua kinywa.

"Karatasi gani tena, mama?"

"Usinifanye mtoto, Haslauer. Inayotoka kila mji."

Akapaka siagi mkate wake taratibu. "Mama Apollónia, polisi wa Kaisari wanasoma programu zetu zote kabla hazijapigwa chapa, na hawajawahi kunihoji kama unavyonihoji wewe. Waandikie, watakupa kazi."

Hakujibu swali, na mtu asiyejibu swali mimi namwekea alama. Lakini nilimchunguza siku nne na nikaona hajui kusoma nota hata moja. Basi nikamgeukia bibi mmoja wa kofia ya rangi ya majivu, ambaye alikuwa ametufuata kutoka mji hadi mji na kila mara anakaa kiti cha pembeni karibu na jukwaa. Pécs nikambana kwenye ngazi.

"Bibie, unataka nini kwa ndugu yangu?"

Akawa mwekundu, akafungua mkoba wake. Ndani mlikuwa na nyuzi za piano zilizokatika, zimeviringwa vizuri kama uzi wa kufumia. Anaziokota baada ya onyesho na kutengeneza bangili. Akaninong'oneza, "Nikikupa moja utanyamaza?" Nimeivaa hapa ninapokuandikia, inanikwaruza.

Jioni ileile ya Pécs, Lénárd akivua koti, karatasi ikaanguka nami nikawahi kuiinua. Alininyang'anya, lakini macho yangu yalikuwa yameshaona. Mkono ulikuwa wako, Vendel. Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika, na nota zako zinalala upande mmoja kwa sababu unatumia mkono wa kushoto. Ilikuwa tuni ya "Kinu cha Maji," ila mwisho wake haukuruka juu kwa shangwe kama anavyoupiga yeye. Ulishuka, ukashuka tena, ukasimama.

Sitakuficha, kuanzia hapo nilikushuku wewe. Nilisema moyoni, ndio maana humwulizii. Umekaa kimya miaka kumi na mmoja huko kwa wafanyabiashara wa ngano, unatunza kinyongo, na sasa umemtuma mtu azunguke miji yetu akimchoma ndugu yako kwa karatasi. Nilikuandikia barua ya kurasa mbili ambayo, namshukuru Mungu, niliitia kwenye moto wa jiko. Ilikuwa na maneno ambayo dada hapaswi kumwambia hata jirani.

Tulipofika Pest nikaamua kumkamata mtu wako. Nilivaa boneti, kofia yangu nyeusi ya kufunga kidevuni, nikasimama mlangoni kando ya chombo tangu milango ilipofunguliwa. Hakuna aliyetumbukiza mwenyewe. Kila karatasi ilipita mkononi mwangu na niliisoma ndipo nikaitia. Palikuwa na valsi za kuchezea dansi, palikuwa na nyimbo za kanisani, palikuwa na mchango wa daktari mmoja uliokuwa na makosa ya kutia aibu. Ya njano haikuwemo. Nilikibeba chombo mimi mwenyewe mpaka jukwaani, nikakiweka juu ya piano, nikaenda kukaa mstari wa mbele.

Lénárd akatia mkono. Akachomoa karatasi ya njano.

Nilikuwa karibu, nikaona vizuri. Karatasi haikutoka kwenye chombo. Ilitoka kwenye mkono wa koti lake, na ilikuwa ileile moja, ya Pozsony, ya Győr, ya Pécs, anaitoa na kuirudisha kama mtu anayetaka kukohoa neno akalimeza.

"Hii haisomeki," akasema.

Sijui nani aliniinua. Nilisimama, mjane wa miaka arobaini na saba, mbele ya mabwana na mabibi wa Pest.

"Lete nikusomee, mdogo wangu," nikasema. "Macho yangu bado yanaona."

Watu wakacheka, wakidhani tumepanga. Lénárd hakucheka. Akaiweka karatasi mbele yake na kuipiga kama ulivyoiandika, bila pambo lolote, mpaka mwisho ule unaoshuka. Hakuna aliyepiga makofi. Halafu sauti ya mzee mmoja kutoka nyuma ikauliza, "Ya nani hiyo, bwana?"

"Ya mdogo wangu, Vendel Pálossy," akasema. "Na 'Kinu cha Maji' pia ni yake. Mimi niliichukua."

Akafunga piano, akatoka.

Nilimkuta chumbani amekalia sanduku, shati limeshikana na mgongo.

"Kwa nini chombo?" nikamwuliza. "Kwa nini usifungue mdomo ukasema?"

"Nilitaka initokee, dada. Nilidhani ikitoka mbele ya watu sitakuwa na pa kukimbilia."

"Na ukakimbia miji minne."

"Nilikimbia, ndiyo."

"Miaka kumi na mmoja ulikuwa unangoja mtu akulazimishe?"

"Basi mbona na wewe hukunilazimisha?" akasema. Nikaenda kumtafutia shati kavu.

Ningependa niishie hapo nikwambie mambo yamekwisha vizuri. Lakini juzi gazeti limetoka na linamsifu Lénárd kwa unyenyekevu wake. Linasema mabibi walilia na kwamba ni nadra kumwona msanii mkubwa hivyo akimkumbuka ndugu yake mdogo. Akimkumbuka, wameandika. Ukumbi wa onyesho la pili umejaa mpaka ngazini. Ameiba, amekiri, na sasa wanampenda kuliko alipokuwa ameficha. Haslauer akaja na kapu la zabibu.

"Mama, tutafanya hivihivi mji ujao, Kolozsvár. Karatasi inatoka, wewe unasimama, boneti ileile, 'lete nikusomee, mdogo wangu.' Nakuomba usiibadilishe sauti."

Nikamgeukia Lénárd nione atasema nini. Hakukubali, na hakukataa. Aliangalia kucha zake. Tangu dakika ile sijui, Vendel, na sitaki kukudanganya kwamba najua. Huenda alikuwa anatubu kweli. Huenda mtu aliyezoea jukwaa tangu utoto hawezi tena kutubu mahali pengine. Namtazama akila supu na bado namchunguza.

Nimefanya mambo mawili. La kwanza, nilikwenda kwa mchapaji nikamsimamia mpaka jina lako likapangwa kwenye programu ya Kolozsvár, mbele ya jina lake, kwa herufi za ukubwa uleule. Polisi wameshaigonga mhuri, kwa hiyo hata Haslauer hawezi kuigusa. La pili, asubuhi ya leo alipokuwa anafanya mazoezi niliingiza mkono kwenye koti lake na kuitoa ile karatasi. Imo humu ndani ya barua. Ni yako, na kuanzia sasa hakuna atakayeichomoa mbele ya watu. Akitaka kuipiga, aipige kwa kuikumbuka, na akitaka msamaha, njia ya Odessa anaijua au ataiuliza.

Limebaki neno moja, nami nimelizungusha kurasa zote hizi. Nimemshuku Haslauer, nimemshuku bibi wa bangili, nikakushuku wewe uliyedhulumiwa, na yote hayo yalinisaidia nisijitazame. Siku uliyoipiga tuni ile kwa mara ya kwanza nyumbani, mimi nilikuwa mezani nachambua mbegu za mpopi za kutia kwenye keki. Niliisikia mwanzo mpaka mwisho. Lénárd alipoileta kutoka Vienna ikiwa imepigwa chapa kwa jina lake, niliitambua kabla hajageuza ukurasa wa kwanza. Wewe ulinitazama. Ulingoja niseme kitu. Nami niliuliza nani anataka kuongezewa supu, kwa sababu Lénárd alikuwa ndiye tegemeo la nyumba na mimi niliogopa. Wiki ile ukaondoka. Miaka yote nimewaambia watu uliondoka kwa ajili ya kazi, nikalisema mara nyingi mpaka nikaanza kuliamini.

Sikuombi unijibu upesi. Nisalimie sana wifi Glafira, na uwabusu Ilka na Timofei ambao nawajua kwa majina tu. Shangazi Kunigunda wa Kőszeg anawakumbuka, masikio yamekufa lakini ulimi u hai. Mungu awape majira mepesi ya baridi, kuni za kutosha na kifua kisichokohoa.

Ni mimi dada yako akupendaye, niliyekuwemo chumbani siku ile na nikanyamaza,

Apollónia