Jaruba Lililokataa Maji

Majimoto, 8 Januari 2025

Mdogo wangu Bartolomeo,

Habari za Kabungu? Suzana na watoto hawajambo? Huku tu wazima, ila mguu wa mama bado unavimba. Anakusalimu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Trekta lako limefika, na rotaveta nyuma yake, ile mashine ya visu vya kusaga udongo. Dereva wako Malale amelima jaruba la kwanza la mpunga, udongo ukasagika kama uji, watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Jioni nikajaza maji, asubuhi hayapo! Tuta halijatoboka, nimelizunguka lote nikipapasa kwa mikono. Majaruba ya jirani yamejaa. Yangu yamekwenda wapi? Miche inazeeka kitaluni, na mpunga sipandi pakavu.

Nilimwambia Malale apandishe visu kidogo. Akanijibu, "Mama, bosi kasema nisiguse bolti hata moja." Haya, bosi, sema neno.

Dada yako,
Fausta

Kabungu, 11 Januari 2025

Shikamoo dada,

Mpe mama pole. Suzana alishikwa na malaria, sasa ana nafuu.

Rotaveta niliiseti mwenyewe. Vile vyuma vya kuburuza pembeni ndivyo vinavyoamua kina, nami nimevifunga kwenye tundu la juu kabisa ili visu vizame vyote. Hivyo ndivyo ninavyolima mahindi, na ghala langu unalijua. Nyie watu wa mpunga mmezoea kukwaruza. Udongo ulikuwa na kiu tu, jaza tena. Malale asiguse kitu.

Mdogo wako,
Bartolomeo

Majimoto, 14 Januari 2025

Bartolomeo,

Shikamoo yako nimeipokea, ujeuri wako nakurudishia. Suzana aendelee kupona.

Nilijaza tena, yakapotea tena. Nikaingia na fimbo. Kwenye jaruba ambalo halijalimwa, inazama shubiri moja kisha inagonga kitu kigumu. Nikachimba: kuna tabaka la udongo, gumu kama sakafu, limekandwa na kwato za ng'ombe na miguu yetu miaka yote. Kwenye jaruba ulilolima wewe, fimbo ilizama mpaka mkono ukaingia topeni. Umevunja sakafu! Mahindi yako yakisimama majini yanaoza, ndiyo maana unafurahi maji yakishuka. Mimi nataka yakae. Nani alikufundisha kwamba anayechimba chini zaidi ndiye mkulima zaidi?

Tena kushoto kumechimbika kuliko kulia. Malale anasema mkono mmoja wa trekta wa kunyanyulia rotaveta uko chini kuliko mwenzake. Huo nao uliuseti mwenyewe?

Nipe ruhusa, la sivyo kuku watalala juu ya trekta lako.

Dada yako,
Fausta

Majimoto, 20 Januari 2025

Bartolomeo,

Hamjambo? Umenyamaza. Malale anakula ugali wangu na kusinzia. Miche imeanza kuwa ya njano.

Fausta

Kabungu, 21 Januari 2025

Shikamoo dada,

Tu wazima wote. Nilinyamaza kwa hasira. Kisha nikachukua fimbo, nikaenda shambani kwangu. Nilipoisukuma, ilizama tu. Nimelima miaka yote hii bila kujiuliza maji yangu yanashukia wapi!

Malale azime injini kwanza. Avishushe vile vyuma vya pembeni, asawazishe mikono miwili trekta likiwa pahala tambarare, na lile bamba la nyuma ya visu alishushe lilainishe tope. Atumie gia ndogo. Alime hatua chache asimame, upime kwa fimbo. Ukisema inatosha, imetosha.

Sasa niambie: sakafu ikishavunjika, hurudi?

Mdogo wako,
Bartolomeo

Majimoto, 30 Januari 2025

Mdogo wangu,

Hamjambo nyote? Mama ameanza kutembea hadi kwa jirani.

Maji yamekaa. Miche mingine tuliitupa, iliyobaki imeshika, na majaruba yote yamepandwa isipokuwa lile moja. Kuhusu sakafu, jirani yetu Yohani anasema ng'ombe wakilikanyaga misimu kadhaa itarudi. Mkewe Josefina anasema hairudi kamwe. Wamegombana mbele yangu. Mimi siwaamini wote wawili. Kila msimu nitaingia na fimbo nione.

Mwaka huu lakini jaruba lile halitatoa mpunga. Njoo na mbegu za mahindi yanayowahi kukomaa, ulipande wewe. Uje na jembe la mkono. Malale anakurudishia trekta; liache huko.

Dada yako,
Fausta