Gobore la Amukura Lilinuka Baruti

Jumanne, Busia. Mvua tangu adhuhuri. Tangu jana simwamini mtu, na mimi mwenyewe nimo.

Wanaonisoma wanajua ugonjwa wangu: magobore yaliyoundwa kwa vipande vya bunduki kuukuu. Nilifundisha ufundi wa chuma hadi nilipostaafu, na bado napenda kuona jinsi fundi wa zamani alivyookota mtutu huku na kitako kule, akaviunganisha vikakubali. Ninayo manne, yote yamezibwa mitutu na kuandikishwa polisi.

Jana Okiru, ajenti wa forodha pale Malaba, aliniletea la tano ndani ya gunia.

"Ni ya babu, Mwalimu. Tangu nizaliwe haijawahi kulia. Chukua tu bure, lakini usiseme imetoka kwetu."

Bure? Na kwa siri?

Mtutu ulikuwa wa bunduki ya kijeshi ya kale, kitako cha mvule, nyundo ya bunduki nyingine kabisa. Nilishindwa kuliweka chini. Kisha nikanusa mdomo wa mtutu.

Baruti. Tena mpya.

"Hii imelia juzi juzi, Okiru."

"Ni mafuta tu, Mwalimu." Hakunitazama.

Alipoondoka nilianza kujiuliza nani amepigwa risasi. Halafu, nakiri hapa, nikawaza kuisugua ile harufu itoke, ninyamaze, nibaki nalo.

Niliwaza hivyo kwa muda mrefu.

Nikilichunguza zaidi nikaona ufa chini ya pete ya shaba inayoshika mtutu. Usingizi ukanikataa. Leo asubuhi nikachukua boda hadi Amukura, nyumbani kwa kina Okiru.

Baba yake, Mzee Emojong, alikuwa kwenye mahindi. Shavu lake la kulia lilikuwa limeungua, mkono umefungwa kitambaa. Hata salamu hakunipa.

"Mwalimu wa magobore! Ni wewe uko na bunduki yangu? Huyu kijana ameniibia!"

Kumbe wiki iliyopita aliwafyatulia tumbili waliovamia shamba, moto ukamrudia usoni. Na alikuwa ameapa kuishindilia baruti tena.

"Mzee, mtutu una ufa. Ukifyatua mara nyingine, itakuua."

"Na hawa tumbili, niwapikie?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alishika shavu lake, akayatazama mahindi.

"Okiru alijua iko na ufa?"

"Nadhani ndiyo sababu aliichukua. Hakukuambia?"

Aliinama, akang'oa gugu.

"Aliniambia niiache," akasema. "Mara tatu."

Nami nilikuwa nimemfanya kijana wa watu jambazi usiku kucha.

Kesho asubuhi tunaipeleka bunduki polisi, sisi watatu. Mzee anaogopa kukamatwa. Amesema atavaa koti lake la kanisani. Nitaeleza yote, pamoja na ile harufu. Huenda wakaichukua moja kwa moja.

Bado naitaka. Kama ingekuwa mbaya kwa sura, bila mvule wala shaba, je, ningechelewa vile kuamua?