Umeua Wangapi?

Jumapili, 8 Novemba 1998

Wazee walikuja baada ya misa. Watatu, Mzee Matiko mbele na fimbo yake. Nikajua hii si salamu. Wazee wa inchama — hao ndio wanaoamua tohara ifanyike lini na nani aingie — hawatembei bure kwenye jua la saa nane.

Walikunywa uji wa mke wangu Mellen mpaka ukaisha ndipo wakasema. Mwanangu Boaz hataingia Desemba hii. Kisa? Baba yake ana damu mikononi. Nilienda vitani, nikaua, nikarudi nyumbani, sikutakaswa. Kijana wa mtu kama mimi akitahiriwa na wenzake, kidonda chake hakiponi, na vyao vilevile.

Nikauliza nani kawaambia nimeua. Wakacheka! Mzee Matiko akaniuliza kwani huko jeshini nilikuwa mpishi.

Sikuwa mpishi. Nilikuwa mtu wa redio. Miaka ishirini na moja katika kikosi cha miavuli — komando, kama wanavyosema hapa Kehancha — na kazi yangu ilikuwa kubeba redio mgongoni na kupeleka ujumbe. Nilifyatua risasi, ndiyo, kila mtu alifyatua. Hewani, vichakani, kwenye mawe. Sijaua mtu. Hata mmoja. Niliwaambia hivyo, kwa sauti ya kuapa.

Mzee Matiko akatikisa kichwa. Anayekana ndiye mbaya zaidi, akasema. Nijipange, nitaje idadi, kondoo achinjwe, mambo yaishe.

Idadi! Utadhani ananiuliza nina kuku wangapi.

Jumatatu, 9 Novemba

Boaz hajaniongelesha tangu jana. Ana miaka kumi na sita. Wenzake wote wanaingia mwezi ujao. Akikosa, vijana aliocheza nao mpira watamtuma maji kama mtoto, na itabidi aende. Hatakaa nao, hatakula nao.

Mellen alisema, polepole, kwamba kuna hospitali Migori. Padri mwenyewe anawashauri wazazi hivyo. Boaz alikuwa nje anasikia. Akatupa jembe likagonga ukuta. Bora abaki alivyo, akasema, kuliko kuitwa mwanamume wa hospitali maisha yake yote.

Nilitaka kumchapa. Sikumchapa. Ningekuwa yeye ningesema vivyo hivyo.

Alhamisi, 12 Novemba

Kutwa nzima kwenye banda la tumbaku. Moshi, macho yanawasha, na hasira juu yake.

Nimestaafu miaka kumi na minne sasa. Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniuliza nilifanya nini huko. Waliniambia wao! Siku moja nilikaa kwenye baa hapa sokoni na soda yangu, nikamsikia kijana anaeleza jinsi Afande Wangwe — ndiye mimi — alivyokuwa akiwakata maadui kwa panga, usiku, bila kutoa sauti. Kijana mwenyewe alizaliwa vita vya kaskazini vimeshakwisha. Nilinyamaza. Wezi wa ng'ombe wamepita kila boma la upande huu, langu hawajaligusa. Nani angekataa sifa inayolinda zizi?

Sasa sifa hiyo imemgeukia mwanangu.

Vita gani, kwanza? Wanadhani ni mbio na milio. Vita vya msituni ni kiu. Ni kulala kifudifudi kwenye miiba tangu alfajiri ukitazama njia ya mbuzi, na kitu hakipiti. Ni midomo iliyopasuka mpaka ukishika redio damu inabaki kwenye kinasa sauti. Mwaka wa themanini walitupeleka Rhodesia kusimamia kusitisha vita. Vijana walitoka porini na bunduki zao, wembamba, wananuka moshi, nikawaandikisha. Hao ndio maadui niliowahi kuwaona kwa karibu, na waliniomba sigara.

Lakini Dishon! Dishon anajua. Kila doria tuliyotoka kule kaskazini alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Aje aseme mbele ya wazee. Shahidi wa macho. Kwa nini sikumfikiria mapema?

Jumamosi, 14 Novemba

Homa Bay. Nimempata. Mlenga shabaha bora kuliko wote kikosini sasa ni soja wa stoo ya samaki, na rungu, na sweta lililotoboka viwiko. Alinikumbatia mpaka kofia yangu ikaanguka.

"Omera! Ndugu yangu Wangwe! Hujakufa?"

Mke wake Benta alitukaangia samaki. Alisema afadhali nimekuja, labda mzee atacheka kidogo. Tangu aokoke analia kanisani kila Jumapili na hasemi analilia nini. Dishon akamwambia aongeze chumvi.

Nilimweleza shida yangu. Hakufikiri mara mbili. Atakuja Jumanne. Ati hata kwa mguu angekuja.

Jumanne, 17 Novemba

Mimi ni mjinga. Naandika tena: mjinga.

Dishon alikuja amevaa koti la arusi yake, viatu vimepigwa rangi. Tukaenda kwa Mzee Matiko. Wazee wameketi, wametutengea stuli. Nikasema huyu ndiye mwenzangu, alikuwepo, muulizeni. Mzee Matiko akamtazama Dishon kwa muda, kisha akanigeukia mimi.

"Huyu ni Mjaluo?"

"Ndiyo, mzee."

"Ametahiriwa?"

Miaka yote ile jeshini tulioga uchi kwenye mto mmoja na sikuwahi hata kulifikiria jambo hilo! Dishon akajibu mwenyewe, kwa adabu, kwamba kwao hawatahiri, wanang'oa meno ya chini, na akafungua mdomo akaonyesha pengo.

Mzee Matiko hakukasirika. Hilo ndilo lililoniuma. Alisema kwa upole kabisa kwamba baraza haliwezi kupokea neno la mtoto kuhusu damu. "Mwambie akakae na wavulana kule kwa ndama."

Mwenye wajukuu watano! Mtu aliyenibeba kilomita na kilomita siku kifundo changu kilipoteguka! Na akaenda. Akaketi juu ya jiwe kati ya watoto wachunga ndama, na koti lake la arusi, akanisubiri. Nilimtukana mzee. Sitaandika nilichosema. Hakijasaidia.

Nilipomsindikiza stendi nilimwomba msamaha mpaka akachoka kusikia. Alikuwa anacheka. Kisha akaacha.

"Wangwe, hao wazee wanataka mtu. Si ndiyo?"

"Wanataka idadi."

"Basi wape wangu. Wape yule wa kisimani."

Nilidhani amesahau. Nilidhani mimi ndiye pekee ninayemkumbuka.

Ilikuwa mwaka wa sitini na sita, kule kaskazini. Siku ya tatu bila maji ya maana, na kisima mbele yetu, na amri kwamba yeyote mwenye silaha atakayekisogelea ni shifta, mwasi, apigwe. Akaja mmoja, na bunduki mgongoni. Akainama kuchota. Dishon akapiga mara moja. Tulipomgeuza tukaona ni mzee, ndevu zimepakwa hina, nyekundu. Bunduki ya kale, imefungwa kwa kamba. Haikuwa na risasi hata moja ndani. Kibuyu chake kilikuwa kinamwagika bado na sisi sote tulikuwa tunatazama maji, si yeye. Nikapiga redio: adui mmoja. Sauti yangu ilikuwa kavu tu, ya kazi.

"Kanisani waliniombea," Dishon akasema. "Yule mtu haondoki. Nyinyi mna kondoo, mna dawa. Mchukue, omera. Waambie ni wako. Labda ataondoka."

Alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, na gari lilikuwa linapiga honi, na hakuuachilia.

Ijumaa, 20 Novemba

Nimemwambia Mellen kwamba nitasema yule wa kisimani ni wangu. Akasema uongo wa kumsaidia mtoto Mungu anaujua. Amekwisha kutafuta kondoo. Nimemwambia Boaz kwamba ataingia. Alitabasamu! Mara ya kwanza wiki mbili.

Nachukia jinsi nilivyofurahi.

Jumamosi, 28 Novemba

Nimeketi nyuma ya banda la tumbaku. Wazee wako uani. Kondoo bado yu hai, amefungwa, anatafuna majani ya uzio.

Nilisema. Nilisimama mbele yao nikaeleza kisima, ndevu za hina, kibuyu. Nilisema nilipiga mimi. Nilifikiri nitababaika. Hapana, yalitoka kama yangu, nikalia, machozi ya kweli kabisa, mbele ya watu wote. Nilimwona Dishon akilini, juu ya lile jiwe. Nikasema moyoni, basi, ndugu yangu, leo yule wa kisimani anaondoka.

Halafu Mzee Matiko akauliza:

"Na wengine?"

Nikasema hakuna wengine. Wakatazamana. Mmoja wao akaguna, akasema komando, miaka ishirini na moja, mtu mmoja? Na mwenyewe mzee, tena kwenye kisima? Hata yeye mwenyewe, aliyefuata tu ng'ombe walioibwa, na mshale, ana zaidi ya mmoja. Mzee Matiko akasema ninawaficha. Damu haitakaswi nusu. Kondoo hachinjwi mpaka wote watajwe. Nipewe nafasi nikakumbuke.

Ndiyo maana niko hapa. Nakumbuka.

Boaz amenifuata sasa hivi. Nilidhani ameona aibu ya machozi yangu. Akachuchumaa, akanong'ona, uso umejaa matumaini:

"Baba, sema wengi. Wenzangu wako pale kwa uzio, wanasikiliza."

Nikamwambia, Boaz, sijaua mtu. Akatabasamu kama mtu anayeelewa siri. Akasema anajua, jeshini huwa mnaapishwa msiseme.

Amesimama kwenye kona ya banda, ananisubiri. Mzee Matiko ameita mara moja. Na mimi — Mungu wangu — mmoja wa kutunga nimeshampa kovu shavuni. Wa pili ni kijana. Huyo namtafutia mahali pa kufia.