Unga Niliowapa Wagiriki

Mtani wangu Shabani,

Siku ya mazishi yako pale Mkata niliifanya kazi ya mtani: niliwaambia watu Mzigua huyu amejilaza makusudi, kachoka kunisahihisha. Wakacheka. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Unakumbuka makala yetu ya miungu ya mito ya Wagiriki, kwenye ile kamusi elezo ya mtandaoni? Wewe mwalimu wa historia, mimi karani mstaafu mpenda sifa. Uliandika habari za Akeloo, mungu wa mto aliyejigeuza nyoka, kisha fahali, akipigana na Herakle kumgombea binti, mpaka akavunjwa pembe. Mimi nikaona haijakolea. Nikaongeza kwamba Wagiriki walinyunyiza unga majini kabla ya kuvuka mto.

Ukafuta, ukaacha maelezo: "Mshambaa, huo unga ni wa bibi yako wa Bungu. Wagiriki walinawa mikono na kuomba." Ni kweli. Bibi alinyunyiza unga mtoni kila tukishuka Korogwe, nami nilitaka awemo humo, maskini. Nikaurudisha unga. Nikakujibu, "Lete kitabu!" Nilidhani tunataniana.

Ukakileta. Kwa basi, na miguu yako ile iliyovimba. Ulipopiga simu kutoka stendi ya hapa Korogwe nikasema niko Dindira, kwenye mashamba ya chai. Shabani, nilikuwa sebuleni, nimejifunga msuli, natazama mpira. Sikutaka kushindwa mbele ya mke wangu. Ukamwachia kitabu muuza vocha, ukarudi zako. Wiki tatu baadaye... basi.

Nilikichukua kwake, ila sikukifungua. Halafu kwenye arobaini yako binti yako Zaina akasimama kusoma maneno ya baba yake, aliyoyachapa kutoka kwenye makala. Katika yote mazuri uliyoandika, akachagua unga! Wazee wakatikisa vichwa, wakasema mwalimu alikuwa na elimu. Nami nikaendelea kunywa chai. Mdomo huu, usionyamaza hata kanisani.

Nilipofika nyumbani nikafungua kitabu. Uliweka kipande cha gazeti kwenye ukurasa wenyewe, ukapiga mstari: kutazama maji, kuomba, kunawa, ndipo kuvuka. Na kikaratasi: "Soma hapa, mtani. Bibi yako mwandikie makala yake."

Nimeufuta unga. Nimetaja kitabu chako na ukurasa wake. Lakini karatasi ya Zaina iko kwenye fremu ukutani kwenu, kosa langu juu, jina lako chini. Ile siwezi kuifuta nikiwa Korogwe.

Jumamosi naja Mkata. Nitamwambia mwanao kwamba ulikuwa sahihi, kwamba ulinifuata ukiwa mgonjwa nami nikajificha. Akinifukuza, nitakuwa nimestahili.

Lala pema, ndugu yangu. Nakuahidi jambo moja, gumu kwangu kuliko yote: nikishaketi mbele yake, sitaanza kwa kumchekesha.

Mtani wako,
Elia