Kwa Mama, Fundi wa Mashati ya Afande

Ni mwaka mzima sasa, Mama, tangu ulipofunika cherehani yako ukasema umechoka kidogo, kumbe ulikuwa unatuaga.

Bado wateja wanapita dukani kuulizia nguo zao. Bado mapazia yananukia mafuta ya mashine. Ulikuwa na ulimi mkali na mkono mwepesi: mteja akilalamika kwamba suruali inambana, ulimwambia suruali haijanenepa, kisha ukakaa chini kuifumua mishono bila kinyongo.

Watakaosoma tangazo hili la kumbukumbu watadhani tumechanganyikiwa, na wadhani tu. Baba yetu ni askari wa vita vya magobore, bunduki za enzi za babu wa babu zetu. Akiwa kijana, mji ukiteketea, bibi mmoja aliyejeruhiwa alimwomba maji langoni. Baba akamjibu, "Nakuja, bibi," vile sote tunavyosema huku tunaondoka, akakimbia kuokoa roho yake. Bibi akamsindikiza kwa maneno: "Haya, uwe unakuja tu. Usifike." Tangu siku hiyo vita vimemmeza na kumtema, na kila wanapofika binadamu wenzake yeye hafiki: hazeeki wala hafi.

Ulikutana naye alipokuletea shati lenye tundu la risasi kifuani. Ukamuuliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Akasema, "Ndiye mimi." Ukadhani anakutongoza, ukacheka mpaka ukajichoma sindano. Ulipokuja kuamini, ulikuwa umeshampenda na huna pa kurudi.

Tunakumbuka ulivyozeeka ukimwacha palepale. Kila Jumamosi ulimkalisha kwenye kiti cha wateja, ukampaka poda nywele na nyusi ili majirani wasiseme sana. "Tulia, Afande, nikuzeeshe," ulimwambia, naye akijikoholesha kizee mpaka tunashika mbavu. Siku ya mazishi hakuna aliyekumbuka poda. Mzee mmoja alimpa pole, akamsihi amtunze babu yake, huku akimnyooshea kidole Kaka Mkubwa. Baba akaitikia, "Nitamtunza." Kaka Mkubwa akaenda kulilia nyuma ya nyumba.

Roho yako ilipokuwa inatoka alikushika mkono akasema, "Tangulia, nakuja." Neno lilipomtoka akajiziba mdomo kama mtoto aliyetukana. Wewe ukamtazama tu. "Najua, Afande. Usijisumbue." Halafu ukatugeukia sisi: "Msimwache peke yake."

Mama, tuliahidi, na ahadi inatushinda. Moyo wa Kaka Mkubwa unamsumbua, ngazi za dukani hazipandi tena. Dada magoti yamemwishia. Mimi kitindamimba wako ndiye niliyebaki kumpaka poda, na mkono wangu nao umeanza kutetemeka. Yeye hujifanya haoni. Tutawaachia wajukuu wako wamwangalie. Wao watamwachia nani? Tumekaa tukalijadili hilo mara nyingi, na kila mara tunaishia kunywa chai iliyopoa. Tunaogopa, Mama. Hatujui la kufanya.

Jana, tulipofika mwisho wa kuandika haya, Kaka Mkubwa akasema tumalizie kama watu wote: daima tutakukumbuka. Baba alikuwa anapiga pasi shati lake. Hakuinua kichwa.

"Nyinyi andikeni mtamkumbuka," akasema. "Hilo la daima niachieni mimi."

Tukaandika hivyohivyo.

Unakumbukwa na mwanao mkubwa, binti yako, kitindamimba wako, wakwe zako, wajukuu na wateja wako wote, wanene kwa wembamba. Tutakukumbuka mpaka zamu zetu zitakapofika.

Na mumeo, Afande, daima.