Mstari wa Nne

Jumatatu, 6 Oktoba 1975
Kufyeka chini ya mikorosho ya kijiji tangu asubuhi. Mapanga yakichanganyika stoo, langu halipotei: mpini wa mpingo, mistari mitatu. Wa kwanza wa Likwembe wa Kwanza. Wa pili wa mpwa wake. Wa tatu wangu. Kwetu jina hutoka kwa mjomba, si kwa baba.

Mchana habari imefika: Somoe kajifungua mjini. Dume! Nimeruka juu kuliko mkorosho, mashahidi wapo. Marehemu dada aliniachia huyo Somoe tu. Nimengoja miaka. Likwembe wa Nne kaja.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimewasimulia wenzangu tena Wa Kwanza alivyomzaba kofi kiboko pale Ruvuma inapoingia baharini. Kiboko akahamia ng'ambo. Mmoja kasema mwaka jana alikuwa mamba. Wivu huo.

Hofu ninayo. Mume wa Somoe ni karani bandarini, mtu wa Kigoma. Kwao jina ni la upande wa baba.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimefika Ufukoni, kwa Somoe, na mzigo wa mihogo. Njiani nimeliacha lori nyuma. Lilikwama mchangani, lakini nimeliacha.

Nimempakata mtoto. Paji la uso la mjomba wangu kabisa.

Nimemtaja Likwembe wa Nne, mkwe kaanza utani: "Mjomba, nyie wafalme, mpaka mhesabiane?"
"Wafalme wana majumba, baba. Sisi tuna jina tu."
Akacheka. Kisha akasema mtoto ni Ramadhani, jina la baba yake. Nimekasirika. Chai sikunywa.

Jumapili, 12 Oktoba
Siku ya saba. Nilikuja na maneno makali, ya kumtoa simba pangoni. Kabla sijafungua mdomo, mkwe kaniambia baba yake kazikwa mwaka huu huko Kigoma. Habari ilimkuta hapa, watu wameshaanua tanga. "Hata udongo sikumtupia, Mjomba."

Simba nikamwacha pangoni. Mimi!

Kaitwa Ramadhani. Nimeitikia amina.

Baadaye Somoe kaniita jikoni.
"Mjomba, akienda jandoni si atapewa jina la ukubwani?"
"Atapewa."
"Na wa kumpa nani?"
"Mimi."
"Basi usife."
Mumewe alikuwa mlangoni, kasikia. "Jina la pili halimlemei mtu," kasema. Nikanywa chai yake, vikombe vitatu.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nimerudi shambani. Nina miaka hamsini na ushee. Mpaka jando ni miaka mingi. Tumbaku nimeitupa. Kiboko simwogopi, naogopa hiki kikohozi. Natamani nimwite Likwembe, aitike, nisikie. Mara moja tu yanitosha.

Panga nimelipaka mafuta. Chini ya mistari mitatu pana nafasi ya upana wa kidole. Nimeipangusa, nikaiacha hivyo hivyo.