Inchi Mbili Zilizopotea

Jumatatu, 3 Machi

Nimejipima tena. Kiuno thelathini na nane na nusu. Mwezi wa kumi na mbili kilikuwa arobaini kamili—nimeandika mwenyewe kwenye daftari la vipimo, ukurasa wa mwisho kabisa, pale ninapojiandika kwa siri kama mteja mwenye aibu. Nyonga arobaini na sita. Zilikuwa arobaini na nane!

Na kula sijaacha. Hapo ndipo penye shida. Jana nimemaliza sahani mbili na mabaki ya asubuhi juu yake.

Leo nimetafuta miwani saa nzima, kumbe iko kichwani. Mkasi lakini haunipotei tena. Tangu mwaka mpya naufunga kwenye ncha ya tepu ya kupimia, na tepu inaning'inia msumarini kando ya dirisha, kwenye jua, mahali hata kipofu angepaona. Zamani nilikuwa nautafuta nusu ya siku, kumbe nimeukalia. Akili hizo! Nani kasema uzeeni hatujifunzi?

Mwalimu Mkuu kaja kupimwa sketi ya suti yake. Kapungua inchi moja na nusu. Nikampongeza. Alifurahi mpaka akageuka mara tatu mbele ya kioo. Anasema siku hizi anakwenda shuleni kwa miguu, siku mbili kwa wiki. Haya. Yeye anatembea, anapungua. Mimi nimekaa kwenye cherehani kutwa nzima, napungua kwa lipi?

Najua kwa lipi. Marehemu mume wangu alianza hivihivi. Mkanda ukarudi tundu moja. Halafu jingine.

Basi, nilale.

Alhamisi, 6 Machi

Binti yangu kapiga simu kutoka kwake huko mbali. Mwezi ujao natimiza sitini na mbili, anataka kuninunulia gauni la dukani. Eti mama anashonea mji mzima, yeye mwenyewe anavaa magauni ya enzi za kale. Kweli tupu. Akaomba vipimo, nikamsomea.  Akauliza kama nimepungua. Nikamwambia nimeacha sukari—na huku kikombe cha chai kiko mbele yangu, vijiko vitatu!

Akasema hongera mama. Nikasema asante mwanangu. Nimekata simu nikalia kidogo, halafu nikanywa chai. Ilikuwa imepoa.

Kliniki iko mtaa wa nyuma tu. Leo nimepita mbele yake mara mbili. Mara ya kwanza nikakuta foleni ndefu, nikasema sina muda. Mara ya pili hapakuwa na mtu hata mmoja, mlango wazi, nesi ananitazama. Hapo ndipo miguu ilipokwenda mbio. Sijui goti langu hili bovu lilipata wapi nguvu!

Jumapili, 9 Machi

Nimemuwaza wifi yangu siku nzima. Dada wa marehemu mume wangu. Miaka sita hatujasemezana. Siku ya tatu baada ya mazishi alisimama katikati ya sebule, watu wamejaa, akasema: ulichelewa kumpeleka hospitali.  Nilikusanya vikombe nikaenda jikoni, na tangu hapo basi. Yeye kwake, mimi kwangu.

Lakini kama safari yenyewe ndiyo hii, sitaki kuondoka na kinyongo. Nimeandika ujumbe, nimefuta. Nimeandika, nimefuta. Mara nne. Mara ya tano nikaandika: "Wifi, siko vizuri. Nataka tuonane kabla"—nikasita nitafute neno la kumalizia, kidole kikagusa pa kutuma. Ukaenda! Nataka tuonane kabla. Kabla ya nini, jamani? Nilitaka kusema kabla ya Pasaka, au kabla sijasahau, au chochote tu.

Hajajibu.

Jumatano, 12 Machi

Hakujibu. Kaja!

Saa tatu asubuhi nasikia mtu anakohoa mlangoni—hakubisha, kakohoa. Wifi mzima mzima, na mabegi mawili na sufuria yake mwenyewe, kana kwamba mimi napikia kwenye kiganja. Kazeeka. Nywele nyeupe zote. Tulitazamana. Nilingoja aseme umekonda. Akasema: "Sogea nipite, mikono inaniuma."

Hakuna salamu tamu iliyonifaa kuliko hiyo. Nilisogea.

Nilimweleza: inchi mbili nyongani, moja na nusu kiunoni, miezi mitatu.  Alizima taa ya cherehani, akanitandikia kitanda mchana kweupe, akanikorogea uji. Nikaunywa. Sikuwa na njaa hata chembe, nilikuwa nimeshakula mayai mawili, lakini ungeweza kumkatalia?

Habari ya ile siku ya tatu hatujaigusa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimelala kutwa. Nimechoka kulala. Sketi ya Mwalimu Mkuu nimeshaikata, inanisubiri mezani. Wifi hataki niiguse.

Nimemsikia dirishani akimwambia jirani yangu, fundi viatu, kwamba nimedhoofika sana ila najikaza. Fundi viatu akashangaa: mbona juzi kaniona nimebeba robota zima la kitambaa begani, peke yangu? Wifi akasema ndiko kujikaza kwenyewe huko!

Jumamosi, 15 Machi

Kifurushi cha binti yangu kimefika. Gauni la bluu, lina mikono, kitambaa kizuri, mishono ya mashine lakini imenyooka—siyo mbaya, naikubali. Wifi akasema nilivae tulione.

Nikaliingiza kichwani. Mikono ikapita. Likafika kifuani, likagoma. Nikalivuta, halishuki. Nikalipandisha, halipandi! Mikono juu, kichwa ndani, pumzi inaniishia, na wifi ananizunguka akivuta huku na kule. Ananiambia vuta pumzi. Nimwambie nini, pumzi yenyewe nilikuwa naitafuta. Tulianguka wote kitandani. Gauni likatoka, na hereni yangu moja ikaenda nalo.

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilikuwa na neno moja tu kichwani: nimevimba. Marehemu alikonda kwanza, mwishoni akavimba. Nikamwambia. Akaacha kucheka palepale.

Nimelipima gauni kwa tepu yangu. Dogo kuliko vipimo nilivyotuma! Labda ni kosa la duka. Labda. Nitaliongezea kitambaa ubavuni Jumatatu. 

Jumatatu, 17 Machi

Niandike taratibu maana bado nacheka.

Tumekwenda mimi na wifi kwa muuza vitambaa, kununua nusu mita ya bluu. Muuza vitambaa tunajuana miaka ishirini. Akapima kwa ile fimbo yake ya chuma, akakata. Mimi kwa mazoea nikavua tepu shingoni, nikapima tena. Arobaini na nane! Siyo hamsini—arobaini na nane!

Nikamwambia: "Sentimita mbili ziko wapi?" Akasema hamsini hiyo, fundi. Nikasema macho yangu mabovu lakini si mabovu kiasi hicho. Akapima tena, hamsini. Nikapima tena, arobaini na nane. Sauti zikapanda. Watu wakasimama mlangoni. Wifi akajitosa upande wangu, hajui hili wala lile, akasema mnamwibia mgonjwa! Wifi huyu! Miaka sita hatusemezani, halafu ananipigania dukani.

Masikini muuza vitambaa. Hakukasirika. Alichukua tepu yangu, akailaza kando ya fimbo, mwanzo kwa mwanzo. Mita ya fimbo ikaisha. Mita ya tepu yangu ikaendelea na safari. Imepita vidole viwili vizima! Akaleta tepu mpya kabatini, akailaza: sawasawa na fimbo. Akaniuliza, kwa upole, hii tepu unaiweka wapi?

Msumarini, nikasema. Juani. Na mkasi... huwa naufunga kwenye ncha.

Mkasi ule ni wa chuma kitupu. Umeivuta tepu usiku na mchana tangu mwaka mpya, na jua linailainisha! Tepu ndiyo iliyorefuka. Mimi nipo vilevile. Kila nilichopima kilipungua—kiuno changu, kitambaa cha watu, Mwalimu Mkuu...

Mungu wangu, Mwalimu Mkuu! Na pongezi nilizompa!

Miaka thelathini na minne kwenye kazi hii. Ndiyo maana nguo za wateja hazikuharibika: nampima mtu kwa tepu hiyohiyo, nakata kitambaa kwa hiyohiyo, kosa linakwenda na kosa lenzake, hakuna anayejua. Gauni la dukani peke yake ndilo lililonisema.

Nilikaa juu ya robota la kitambaa mbele ya watu wote nikacheka na kulia kwa pamoja. Siumwi. Ni mnene! Mnene vilevile kama mwezi wa kumi na mbili! Nimemwomba muuza vitambaa radhi mara tatu, na tepu mpya nimeinunua kwake.

Jumanne, 18 Machi

Wifi kasema kliniki tunakwenda hata hivyo. Kanishika mkono mpaka mlangoni, maana aliona nataka kuchepuka.

Mzani: kilo themanini na moja. Kadi yangu ya zamani inasema sabini na nane. Nimeongezeka tatu! Nesi alikunja uso, mimi nilitaka kumkumbatia. Urefu: nimepungua sentimita moja. Kwa hiyo kuna kilichopungua kweli, na tepu haihusiki. Damu safi. Presha imepanda kidogo—chumvi nipunguze, nitembee. Goti je? Daktari, kijana mwenye sauti ya redioni, akasema: "Goti ni umri tu, mama."

Umri tu! Sijawahi kutukanwa nikafurahi namna hii.

Halafu akauliza kwa nini niliogopa hivyo. Nikamweleza habari ya marehemu. Kwamba alificha mwaka mzima. Mkanda ulipomlegea alitoboa matundu mapya mwenyewe, kwa patasi yangu ya kutobolea matundu ya vifungo, na shati aliliacha nje ya suruali ili nisione. Nilikuja kuyahesabu baada ya mazishi. Matundu matano. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilisahau kwamba wifi yuko nyuma yangu.

 Kwenye kona ya fundi viatu alinishika kiwiko tuvuke, na tulipovuka hakukiachia.

Jumatano, 19 Machi

Nimeruhusiwa cherehani! Sketi imekwisha kabla ya saa sita. Mwalimu Mkuu kaja kuijaribu—imemkaa kama ngozi. Anasema shuleni wote wameona alivyopungua, hata mlinzi kamsifu. Nilifungua kinywa. Nikamtazama anavyogeuka mbele ya kioo, sasa anatembea siku nne kwa wiki.

Nikafunga kinywa.

Wifi alikuwa anakunja nguo pembeni, mabega yanatikisika. Alipoondoka mteja tulicheka tukashindwa kusimama. Kicheko chake ni cha kaka yake, kile cha kuishia na kikohozi. Sikuwa nimekisikia miaka sita.

Alhamisi, 20 Machi

Wifi kafunga mabegi. Tangu asubuhi yako mlangoni, na sufuria juu yake.

Alisema anaondoka saa nne. Saa nne ikafika, akasema amalize kupiga pasi. Saa sita akasema jua kali. Saa nane akasema angoje lipoe. Mimi nipo kwenye cherehani najifanya nina kazi. Kitambaa nilichoshona ni kipande cha kujaribia, nimekishona na kukifumua mara mbili. Hakuna mwenye haraka, na hakuna anayesema.

Mwisho nikaona nimsaidie. Nikasema: "Basi wifi, nashukuru sana. Umeona mwenyewe, siumwi. Nisikushikilie, nawe una kwako."

 Alikaa kwenye kile kiti cha wateja, mikono magotini. Akasema, taratibu, bila hasira: "Kwani uliniita kwa ugonjwa tu?"

Nikanyamaza. Mimi! Mwenye mdomo wa kugombana na muuza vitambaa mbele ya mtaa mzima. Nikasema ngoja, kuna kitu nakifuata chumbani. Nikaja humu. Nimekaa kitandani na daftari, mlango nimeurudisha nusu.

Hapana, wifi. Sikukuita kwa ugonjwa tu. Nyumba hii ina sauti moja tangu kaka yako aondoke, na sauti yenyewe ni ya cherehani. Na lile neno la siku ya tatu—liliniuma kwa sababu nami nilijiambia hivyohivyo, kila siku, kabla hujalisema wewe. Kuandika ni rahisi, angalia ninavyokimbiza kalamu. Kulitamka sasa.

Sikio langu liko sebuleni. Kiti kimelia. Kainuka.

Begi linaburutwa sakafuni. Mlango wa mbele na mlango wa chumba cha wageni inatazamana, kwa hiyo sijui—linatoka au linaingia?

Nainuka. Goti, nakuomba, leo usinicheleweshe—